Paa Letu, Zahanati ya Watani

Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja hapa Fereej Bin Mahmoud, Doha, ni nesi kutoka Kenya, na tangu wiki yetu ya kwanza tuna ubishi mmoja ambao hatujaumaliza mpaka leo. Yeye kwao ni kaunti, mimi kwetu ni wilaya. Kaunti yake ina gavana, ina bunge lake, ina bendera. Wilaya yangu, huko kusini mwa Tanzania, ina halmashauri, ina mkurugenzi, ina madiwani, na ina greda moja ambalo tangu nasoma shule ya msingi linasubiri kipuri.

"Aki hiyo sasa ni serikali ama ni chama ya wamama?" aliniuliza, amekaa kitandani anajipaka losheni miguuni.

Mimi nina mdomo, sikatai. Nikamjibu kwamba kama kaunti yake ni serikali ya maana kiasi hicho, mbona manesi wake wamejaa Doha? Alicheka mpaka losheni ikamwagikia shuka, halafu akanigeuzia kibao.

"Na wewe je? Si hata wewe ni nesi? Mimi angalau navaa yunifomu ya hospitali. Wewe unakunja mashuka."

Hapo alinipata. Ni kweli nimesoma uuguzi, na nimefanya kazi ya kujitolea katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya yetu, nikazalisha wanawake wengi tu. Kila nafasi za ajira zilipotangazwa niliomba, na kila majina yalipotoka langu halikuwamo. Mwishowe ilitokea nafasi ya hotelini Doha nikaidaka. Kwa taratibu za hapa cheti changu hakitoshi kunipa kazi ya unesi, kwa hiyo niko chumba cha kufulia, upande wa mashuka, na bila kujisifu naweza kukunja shuka la kitanda kikubwa peke yangu huku napiga soga.

Ijumaa moja tuko jikoni, yeye anapika sukuma wiki na mimi nasubiri sufuria, akaniuliza safari hii bila mzaha, "Hebu niambie, huko kwenu kuna nini hasa?"

Nikamwambia kuna korosho. Kabla ya korosho kulikuwa na karanga, na kabla ya karanga kulikuwa na vita na Wajerumani, na njaa iliyofuata vita, ambayo bibi yangu aliisimulia kama aliyeiona ingawa alisimuliwa na bibi yake. Karanga zililetwa na Waingereza. Walifyeka pori, wakaleta matrekta, wakajenga na reli kutoka baharini kuja mpaka kwetu, halafu karanga zikagoma kuota jinsi walivyotaka. Bibi alikuwa kitoto wakati reli inatandikwa, na alipoolewa walikuwa wanaing'oa. Kipande kimoja cha reli hiyo kilibaki kikatundikwa shuleni kwetu kuwa kengele. Katika mradi mzima ule, faida niliyoiona kwa macho yangu ni hiyo, na ilikuwa inaniamsha asubuhi.

Ndipo ikaja korosho, na korosho haijaondoka. Kwetu mwaka hauanzi Januari. Unaanza pale watu wanapopuliza salfa kwenye mikorosho na kijiji kizima kinanuka kiberiti, unafika kwenye maua, unafika kwenye kuokota, na kilele chake ni mnada, siku wanunuzi wanapotaja bei. Harusi husubiri mnada. Bati jipya husubiri mnada. Hata talaka, kuna watu huivumilia ndoa mpaka mnada upite ndipo waachane vizuri. Halmashauri nayo husubiri kama sisi, maana mapato yake ya ndani, ukiacha ruzuku ya serikali kuu, ni ushuru wa mazao, na ukisema mazao kwetu umesema korosho, pamoja na ufuta kidogo na mbaazi. Bei ikiwa nzuri, shule hupata madawati. Bei ikiwa mbaya, ukienda kuuliza jambo lolote ofisini utaambiwa liko kwenye mchakato.

"Na gesi?" akaniuliza. "Si nilisikia huko kusini kwenu kuna gesi? Qatar wana gesi, nyinyi mna gesi, sasa mbona ni wewe unawakunjia mashuka na si wao wanakukunjia?"

Nikamwambia gesi iko kule pwani, na bomba lake lilipita mbali na kijiji chetu likielekea Dar es Salaam, hata kutupungia mkono halikutupungia. Akaniwekea sukuma nyingi kwenye sahani. Nadhani alinionea huruma, na mimi huruma ikija na chakula siikatai.

Sasa nieleze jinsi tunavyojenga, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa yaliyotukuta. Kwetu kijiji kikitaka zahanati hakiandiki barua kikakaa. Watu wenyewe huchanga mchanga, mawe na matofali, kina mama hubeba maji, na kuta hupandishwa mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha. Hapo wanakijiji huweka chini zana zao. Nyumba hiyo isiyo na paa huitwa boma, na kuanzia hapo ni zamu ya halmashauri: inatafuta fungu, inaezeka, inapiga sakafu, inaleta vitanda na nesi. Ndiyo makubaliano, na yanafanya kazi pale fungu linapopatikana. Boma la zahanati ya kijiji chetu nilibeba maji yake kichwani nikiwa likizo ya chuo. Niliondoka nchini likiwa vilevile, isipokuwa katika chumba cha kujifungulia uliota mpapai, ukakua, ukazaa.

Watu waliuchekea mpapai huo. Mdogo wangu hakuucheka. Mimba yake ya kwanza uchungu ulimkuta nyumbani, ikabidi apakiwe kwenye bodaboda kwenda hospitali ya wilaya, na hospitali ni mbali. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa kando ya barabara chini ya mikorosho ya watu, na aliyezimia alikuwa dereva wa bodaboda. Sehemu hiyo huwa tunaisimulia kwa kicheko. Ambayo hatuisimulii ni damu iliyomtoka mdogo wangu baada ya hapo, jinsi alivyofikishwa hospitali midomo imekuwa myeupe, na daktari alivyomwambia mama kwamba huyu asijaribu tena kuzaa mbali na msaada. Mimi nilikuwa zamu wodini siku ile. Nilimpokea mwenyewe.

Kwa hiyo aliponipigia simu, mimi niko Doha, akaniambia kwa sauti ya aibu kwamba ana mimba nyingine na itafika wakati wa kuokota korosho, sikuanza na hongera. Nilianza na, "Boma limeezekwa?"

"Bado, dada. Mpapai umezaa lakini."

Sisi wa wilaya moja tulioko hapa tuna kikundi. Ni walinzi, madereva, watu wa hoteli kama mimi, na mama mmoja mpishi wa nyumbani kwa watu. Tunakutana Ijumaa huko Umm Salal, kwenye shamba ambalo mwenzetu mmoja analitunza, mbuzi na nyanya, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Tunapika wali, tunakula, tunasemana, tunazungumza mambo ya nyumbani. Mwenyekiti ni mlinzi wa jengo moja refu mjini. Anaendesha mkutano kama anayekagua mikoba ya watu mlangoni.

Na ndani ya kikundi hicho yumo mtani wangu.

Msomaji asiye na watani nampa pole. Kabila lake na langu ni watani tangu kwa mababu wa mababu. Kijiji chake na changu vinatenganishwa na kijito ambacho kiangazi unakivuka bila kuvua viatu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usikasirike. Anaweza kuja msibani kwako akalala juu ya jeneza, akasema halitoki mpaka alipwe, na wewe uliyefiwa ukajikuta unacheka. Na mtani akikudai kitu kwa utani, humwambii hapana. Utabembeleza, utapunguza, amekudai mbuzi utampa kuku, lakini mikono mitupu haondoki. Huyu wangu ni mtu mzima, dereva wa familia moja ya Al Thumama. Siku ya kwanza kukutana alininyang'anya sahani ya wali mkononi, akala yote amesimama, akaniambia nimeupika vibaya. Nilimshukuru.

Ijumaa baada ya ile simu niliinuka nikawaambia wenzangu habari ya mdogo wangu. Nikasema tumechoka kungoja halmashauri, sisi tuna mishahara, bati zinauzwa madukani, mafundi wapo, tuezeke wenyewe. Nilisema kwa hasira, na hasira yangu huwa inavutia watu. Walianza kuitikia.

Mtani akanyoosha mkono na mfupa wa mbuzi ndani yake.

"Mwenyekiti, naomba nimshauri mtani wangu. Mtani, msiezeke! Halmashauri inaezeka maboma. Mkishaweka bati, mkurugenzi akipita na gari ataangalia juu, atasema aah, hawa wana ndugu zao Arabuni, hawa hawana shida. Fungu lenu atalileta kwetu sisi tunaonyeshewa na mvua. Kwa hiyo nasema tena, ezekeni! Ezekeni haraka! Sisi kule ng'ambo ya kijito tumekaa tunasubiri."

Tulicheka, jamani. Mtunza shamba alishika mti. Mama mpishi alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nami nikamrudishia kwamba kijiji chao kinasubiri tangu reli ilipong'olewa, na kikiendelea hivyo watazikwa na kuta zao. Nikapigiwa makofi. Mwenyekiti akafunga hoja, kila mtu akachanga alichoweza, na mtani wangu akachanga kuliko baadhi yetu. Hakuna hata mmoja kati yetu, tena wengine tumesoma, aliyejiuliza kama lile neno lilikuwa na maana. Lingesemwa na mwenyekiti tungelijadili mpaka jioni. Limesemwa na mtani, tukalicheka na kuendelea kula.

Bati zilipanda. Mama alinitumia video: kina mama wanapiga vigelegele, mafundi wako juu, paa la bluu linang'aa kama meno ya bandia. Mpapai ulikatwa, na mama yangu ndiye pekee aliyeusikitikia, kwa sababu ulikuwa na papai tamu. Niliitazama ile video kwenye mapumziko ya kazini, ndani ya mvuke na harufu ya sabuni, nikamwonyesha kila mtu, mpaka mudir wetu, msimamizi, ambaye hakuelewa ni nini ila alisema "mashallah". Wiki nzima nilitembea Doha nimevimba kichwa. Nilimwambia mwenzangu wa chumbani kwamba kaunti yake ije ijifunze.

Halafu bajeti ya mwaka mpya ikapita.

Habari tuliletewa na diwani wetu, kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu, na alianza kwa sifa nyingi kiasi kwamba mwenyekiti alisema hapa kuna msiba. Alisema ndugu zetu wa Doha mmetutoa kimasomaso. Alisema wilaya nzima inawazungumza. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Fungu lililokuja mwaka huu lilikuwa la kukamilisha maboma. Wataalamu walipita kuyakagua. Boma letu walikuta si boma tena, ni jengo lenye paa, na kwenye mpango wa halmashauri halikuwa na sehemu ya kukaa: si boma la kukamilishwa, si zahanati iliyokamilika, maana haina sakafu wala choo wala nesi. Kwa hiyo fungu zima, la paa, sakafu, vitanda, pamoja na nesi wa kupangiwa, lilivuka kijito.

Wa kwanza kujibu kwenye kundi alikuwa mtani wangu, kwa picha: lori limesimama kijijini kwao, vijana wanashusha bati nyekundu.

Na kazi ya kwao ilikwenda mbio, kitu ambacho hakijawahi kutokea wilayani kwetu. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na uchaguzi ukikaribia hata greda hupata kipuri. Ijumaa iliyofuata alitujia Umm Salal na trei la chai ya karak kwa kila mtu, akatugawia mmoja mmoja akiinama, akisema, "Ahsanteni kwa zahanati. Ahsanteni sana. Mungu awazidishie mishahara."

Nilimvuta pembeni karibu na mbuzi. "Mtani, niambie kweli. Ulijua?"

"Nijue nini? Mimi nilikuwa natania! Ningejua ningenyamaza, mtuletee na rangi."

Nilicheka, nikanywa chai yake, na moyoni nilikuwa nimekasirika kiasi cha kuweza kumpiga mtu. Si yeye. Nani, sijui. Nilimpigia diwani nikamuuliza sasa itakuwaje, akaniambia kwa upole wa watu wa kuombwa kura kwamba halmashauri itaangalia. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, mapato ya ndani yakipanda, huenda wakamalizia sakafu, wakaajiri nesi wa mkataba. Mishahara ya kudumu ni ya serikali kuu, hiyo hawana mamlaka nayo. Akaniomba niendelee kuwa na moyo huohuo. Nikampigia mama, mama akaniambia kwa sasa chama cha msingi, ushirika wa wakulima, kimepungukiwa ghala, mtendaji wa kijiji ametoa ufunguo, na chumba cha kujifungulia kimejaa magunia ya korosho. "Ila hazinyeshewi, mwanangu," alisema. "Paa lenu zuri."

Siku hiyo nililia. Mtani alikuwa ananirudisha mjini kwa gari la waajiri wake, na mimi sikuwa najificha, nililia na makamasi juu. Mdogo wangu alikuwa amebakiza wiki chache, na barabara ya hospitali ilikuwa ni ileile. Mtani aliendesha mpaka kwenye taa za barabarani. Taa ikawa nyekundu, akasema, akitazama mbele, "Mdogo wako aende kwetu sasa hivi, asingoje uchungu. Mama yangu ana chumba. Zahanati iko nyuma ya nyumba yake." Taa ikawaka kijani, na labda aliona amekuwa mtu mwema kupita kiasi, maana aliongeza, "Lakini tumbo likishavuka kijito, ni letu."

Mdogo wangu alivuka kijito na kapu lake, kanga zake na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Mama wa mtani alimpokea kwa matusi ya kitani ambayo siwezi kuyaandika hapa, na akampa kitanda kizuri kuliko chake mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya zamu yangu simu iliponitetemekea mfukoni: ameingia zahanati. Kazini hatuongei na simu, ila kusoma nilisoma. Kisha kimya. Nilikunja mashuka. Nimesoma uuguzi, kwa hiyo najua mambo ambayo ningependa nisiyajue: najua damu kiasi gani ni ya kawaida na kiasi gani si ya kawaida, najua dakika zinavyokwenda. Nilikunja, nikakunjua, nikakunja tena shuka lilelile. Mudir aliniuliza, "Sister, kuna nini?" nikamwambia vumbi. Ndani ya chumba cha kufulia, vumbi.

Simu ilipotetemeka tena ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mtani. Sikungoja mapumziko. Nilijifungia kwenye stoo ya mataulo nikausikiliza. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mama yake, na nyuma yake watu wanacheka.

"Wewe uliyeko Arabuni! Mtoto wenu tumemzuia. Wa kike, mzuri, hafanani na nyie. Mama yake mzima. Damu ilitaka kufanya yale yale, nesi wetu akaipiga sindano, akamkanda tumbo, ikakaa. Na nesi mwenyewe alikuwa na homa, tulimtoa kitandani tumemshika mkono. Alipomaliza alilala chini palepale sakafuni. Yuko peke yake huyu binti, anazalisha, anachanja, anafagia, na nyie wa ng'ambo nanyi mnamjia na matumbo yenu. Sasa sikiliza. Kuku hatutaki. Mbuzi tunao. Tunataka nesi. Mnaye, tumeambiwa, mmemficha kwa Waarabu anakunja nguo. Mleteni nesi, mchukue mtoto!"

Kicheko kikubwa. Ndani yake nikasikia kicheko chembamba cha mdogo wangu, cha mtu aliyelala chali, na hicho ndicho kilichonikalisha chini juu ya mataulo safi. Nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikalia. Kisha nikausikiliza ujumbe tena, na mara ya pili sikucheka.

Jioni nilimwekea mwenzangu wa chumbani ausikie. Alipiga makofi kwa ajili ya mtoto, akacheka, halafu akanitazama. "Lakini hiyo ni mzaha tu, si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwetu hilo ndilo tatizo."

Msimu huo korosho ziliuzwa vizuri. Kabla mnada wa mwisho haujapita, tangazo la halmashauri lilikuwa limeshafika kwenye kundi letu: magunia yatatolewa, sakafu ya zahanati yetu itapigwa, na anatafutwa nesi wa mkataba atakayelipwa kwa mapato ya ndani. Hakuna aliyenitaja, na kila mtu alijua anayetajwa. Mshahara wa kazi hiyo ni sehemu ndogo tu ya ninaolipwa kwa mashuka, na ni wa mkataba, maana yake korosho zikianguka bei nami nimeanguka nazo. Nilifanya hesabu zangu kichwani nikikunja, nikazifanya tena nikipika, na kila nilipozifanya zilikataa. Mimi si mtakatifu. Nilitaka kumalizia nyumba ya mama, nilitaka kiwanja changu mwenyewe, na nimeizoea karak na baridi ya kiyoyozi.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye hajawahi kuisifia wilaya yangu tangu tujuane, aliniuliza tu kama leseni yangu ya unesi bado iko hai. Nikamwambia inahitaji kuhuishwa. "Basi leta hiyo simu," akasema, "tuone kwa mtandao wanataka nini." Tulikaa kitandani kwake mpaka tukamaliza.

Ijumaa iliyofuata nilimpigia mtani. Alikuwa garini Al Thumama, anawasubiri watoto wa waajiri wake watoke dukani. Alipokea na majibizano yake tayari mdomoni, anategemea nianze kubembeleza: nipunguziwe, nipewe nafasi ya kutoa kuku wawili na kanga.

"Mwambie mama yako amlishe mtoto vizuri," nikamwambia. "Mkataba wangu wa hapa unaisha baada ya Ramadhani. Nakuja kulipa."

Nilisikia indiketa ya gari inalia tiki-tiki, amesahau kuizima.

"Mtani," akasema baadaye, taratibu. "Unajua mama alikuwa anatania tu."

"Na wewe kule Umm Salal," nikamwambia, "ulikuwa unatania."